Gereji ya Kusikiliza

Mwaka 1983 hakuna gari lililoweza kuingia Ngamiani, Tanga, kimyakimya. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi mbele ya gereji ya mjomba, na kabla gari halijakata kona tulishajua ni la nani. La mwalimu mkuu liligonga mbele kulia, ko-ko, ko-ko, kila lilipoingia kishimo. Land Rover ya shamba la mkonge ilisikika tangu Barabara ya Kumi na Mbili, kwichi-kwichi, na hata ikishasimama iliendelea kuguna kidogo, springi zikijipanga. Mjomba akisikia mlio mgeni aliinua kidole tunyamaze, akausindikiza kwa masikio mpaka gari lipotelee Makorora, kisha akatoa hukumu: "Yule bushi za mkono wa chini zimekwisha." Wengine walikuja wiki iliyofuata, wengine hawakuja kabisa kwa sababu pesa haikuwapo, wakaendelea kupita na ko-ko yao mpaka tukaizoea.

Tanga ni mji wa ufukweni, na hewa ya chumvi inakula chuma usiku na mchana. Lakini chumvi peke yake isingetufikisha pale. Spea hazikuwapo. Mpaka wa Kenya pale Horohoro, kama kilomita 65 tu kutoka mjini, ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakiziunganisha Peugeot 504 nchini mwao, sisi huku tukihesabu ni raba gani imebaki mji mzima. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni. Kisha mwaka huohuo wa 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, na hata mwenye duka aliyekuwa na boksi la bushi akaogopa kulitoa, asije kuulizwa alilipata wapi na kwa nini lilikuwa chini ya kaunta.

Watu wakiizungumzia miaka ile husifu ubunifu wa mafundi: raba za kuchonga, boliti za kutengeneza, mafuta ya kuchanganya. Ni kweli, na nitayafikia. Lakini mimi niliyekuwa pale naona ubunifu ulikuwa jambo la pili. Jambo la kwanza lilikuwa kuujua ugonjwa. Ukiwa na bushi moja, nayo umeipata kwa kubembeleza, huwezi kuitia mahali kwa kubahatisha halafu uone kama kelele imeisha. Lazima ujue inakokwenda kabla hujashika spana.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakatoka, langu halimo. Mama akanipeleka kwa kaka yake. Gereji yenyewe ilikuwa ua wa nyuma ya nyumba, na mkungu mkubwa katikati, shimo lililochimbwa chini yake na kupangwa matofali, jiliwa lililofungwa kwenye gogo, na sanduku la spana alizobaki nazo tangu enzi zake za reli. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili chafu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha nati kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya kupimiwa kwa kizibo. Yeye aliniita mjomba nami nikimwita mjomba, na mteja mgeni hakujua nani mkubwa wa nani mpaka atuone.

Mteja akifika, hakuna kilichofunguliwa. Kwanza yalikuja maswali. Inalia ukikata kona au ukienda moja kwa moja? Ukikanyaga breki kidogo inanyamaza? Ukiwa na abiria inazidi au inapungua? Asubuhi ya mvua ilikuwaje? Wenye haraka walikereka. Mzee mmoja wa Usagara alimwambia, "Fundi, mimi nimeleta gari, sikuja kuposa." Mjomba akacheka, akauliza tena la mvua.

Kila swali lilikuwa na maana yake. Kelele inayonyamaza ukigusa breki kwenye barabara mbovu mara nyingi haihusiani na springi wala shokapu. Ni pedi za breki zinazocheza ndani ya nyumba yake, na ukikanyaga zinabanwa zinatulia. Mlio wa kwichi unaopotea mvua ikinyesha ni wa raba iliyokauka, maji yameilainisha kwa saa chache. Gari linalogonga tairi moja likiingia shimoni, lakini likipanda tuta kwa matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja halisemi kitu, hilo mtazame stebilaiza: ile fimbo ya chuma inayounganisha kulia na kushoto haina kazi pande zote mbili zikipanda sawa, inafanya kazi mmoja akipanda mwenzake akibaki chini. Jambo hili la mwisho nimewahi kuwaeleza mafundi wenye vyeti, wakaniangalia.

Baada ya maswali tulitoa kila kitu ndani ya gari. Jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, chupa za soda, panga. Kuna bwana alitoka Pongwe na vumbi lake la saruji, ameshachukua pesa ya kulala mjini kwa ajili ya matengenezo, na kelele yote ilikuwa jeki iliyolegea ikipiga ukuta wa buti. Mjomba aliifunga kwa kamba ya katani, akamtoza.

Ndiyo, alimtoza. Kusikiliza kulikuwa na bei yake na aliitaja mwanzo, kabla ya kazi, na ugomvi mwingi uani pale ulihusu hilo. Watu walielewa kulipia spea, na kwa shingo upande walielewa kulipia jasho. Kulipia mtu aliyezunguka na gari lako akarudi akasema "ni ile pale" hawakuelewa. Mara nyingi malipo hayakuwa pesa. Yalikuwa sabuni ya mche, sukari nusu kilo, au kikapu cha machungwa ya Muheza. Sabuni ndiyo tuliyoipenda zaidi, kwa sababu mikono ile haikutakata kwa maji matupu.

Ikishindikana kwa maswali, gari linapandishwa kwa jeki na kila gurudumu linatikiswa. Shika juu na chini, sukuma na vuta. Shika kulia na kushoto, fanya vilevile. Likicheza kulia na kushoto, shaka inakwenda kwenye tairodi na stelingi. Likicheza juu na chini, ni beringi ya gurudumu au bolijointi, na hapo mjomba aliniamuru niingie ndani nikanyage breki kwa nguvu huku yeye akitikisa tena. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi, maana breki imelishika gurudumu na kikombe chake vikawa kitu kimoja. Ukibaki palepale ilikuwa bolijointi. Dakika mbili, bila kufungua hata nati moja. Nimeona siku hizi beringi nzima zikitupwa kwa sababu hakuna aliyekanyaga breki.

Kazi ninayoikumbuka zaidi ni ya 504 stesheni wagoni ya karani mmoja mstaafu wa Chumbageni. Alikuwa akibeba abiria na machungwa kati ya Muheza na mjini, na gari lilikuwa limeanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kwenye vishimo vidogovidogo vya haraka. Kwenye mashimo makubwa ya taratibu halikusema kitu. Alikuwa na uhakika kwamba ni mbele kushoto, miguuni pa abiria. Mafundi wawili walishamtangulia mjomba: mmoja alibadilisha tairodi, mwingine alifungua gurudumu akatia grisi. Kelele haikupungua, na karani alikuwa amekwishauza baiskeli.

Ilikuwa Jumapili, siku yetu ya kazi ndefu. Miaka ile, ili kubana matumizi ya mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo mwenye gari aliona afadhali liwe limefunguliwa uani kwetu kuliko likae bure kwake. Ila majaribio ya barabarani ilibidi yaishe mapema. Mjomba aliendesha kuelekea Raskazone, vioo vimeshushwa, akipita karibu na kuta za mawe za nyumba za zamani, kwa sababu ukuta hukurudishia sauti ya upande ule na ukuta ukiisha unasikia tofauti. Kushoto hakukurudi kitu. Akageuza, ukuta ukawa kulia. Akasimamisha gari.

"Mjomba, hamia nyuma. Lala."

Tulikuwa tumekunja viti vya nyuma. Nililala kifudifudi juu ya bati lenye harufu ya maganda ya machungwa, sikio likiwa limebanwa sakafuni, kwanza juu ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Kwa kushoto niliusikia mlio kwa mbali. Kwa kulia haikuwa sauti tena, ilikuwa pigo, meno yaligongana. Nikapiga kelele kwamba ni hapa, na karani, aliyekaa mbele, akageuka kunitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeihamisha. Bodi ya stesheni wagoni ni sanduku tupu refu, na sauti inayoingilia nyuma husafiri hadi kwenye dashibodi na kutokea pale penye kitu cha kutetemeka. Masikio ya dereva ni ya kuheshimiwa yakisema lini. Yakisema wapi, yahakikishwe.

Tukarudi uani. Nyuma ya 504 ya aina ile kuna ekseli nzima ya chuma na springi nne za kuviringishwa, mbili kila upande, tofauti na saloni nyingi ambazo kila gurudumu la nyuma lina mkono wake. Mjomba hakuzigusa springi. Alibonyeza kona ya nyuma kwa uzito wake wote akaachia; gari likapanda, likashuka mara moja, likatulia. Shokapu ilikuwa nzima, basi, kwa maana ya kazi yake. Lakini kitu kizima kinaweza kufungwa vibaya. Akazifungua shokapu zote mbili za nyuma, akaziweka chini ya mkungu, akamwambia karani twende mzunguko mmoja wa barabara za Ngamiani, mwendo wa kutembea. Gari lilinesa kama ngalawa inayotoka mlangoni mwa bandari na upepo wa kusi, karani akashika dari kwa mikono miwili. Ngo, ngo, ngo haikusikika hata mara moja.

Ndipo tukazitazama. Jicho la chini la shokapu ya kulia lilikuwa halina raba. Kilichobaki kilikuwa unga mweusi. Pini iliyopita katikati yake ilikuwa na kutu pande zote isipokuwa ukanda mmoja mwembamba uliong'aa kabisa. Mjomba aliniita nitie kidole pale. Chuma kinachogongana hung'aa, kilichotulia huota kutu, na tangu siku ile nikiingia chini ya gari kitu cha kwanza ninachotafuta kwa tochi ni mng'aro mahali ambapo haupaswi kuwapo.

Raba tulichonga. Mashamba ya mkonge yalikuwa na mikanda mizito ya mashine kwenye viwanda vya korona, vile vya kuchakata mkonge, raba iliyoshonwa kwa matabaka ya turubai, na mkanda ukichakaa ulikatwa vipande na kupewa walioomba kwa adabu. Mjomba alikuwa na bomba fupi la chuma alilolinoa ukingo. Alilipiga kwa nyundo juu ya mkanda likatoa kidonge cha duara, akakitoboa kwa chuma cha moto, moshi wake ukituchoma macho. Vidonge viwili, vitatu, mpaka unene utoshe. Kisha vikaingizwa kwenye jicho la shokapu kwa kukandamizwa na jiliwa, vikiwa vimepakwa maji ya sabuni. Grisi ilikuwa marufuku hapo, na oili chafu hata isitajwe, kwa sababu mafuta ya aina hiyo huivimbisha raba na kuilainisha mpaka ioze. Nilishangaa kuona sabuni yetu ya thamani ikitumika kwenye shokapu.

Karani alilipa machungwa na akaahidi mengine. Alibisha kuhusu bei ya kusikiliza, akisema mtoto ndiye aliyesikiliza.

Mbele kulikuwa kugumu zaidi. Mbele ya 504 springi na shokapu ni nguzo moja, springi imebanwa kuizunguka, na kuifungua bila kuifinya kwanza ni kujitakia kifo. Hatukuwa na kifaa cha kufinyia. Tulikuwa na kulabu tatu za chuma alizozifua mhunzi wa Duga, na boliti ndefu, na mnyororo ambao ulifungwa kuzunguka nguzo nzima na kisha shina la mkungu. Sheria ilikuwa kwamba hakuna anayesimama upande wa juu wa springi, hata mteja, hata akiwa mkuu wa wilaya. Siku moja kulabu iliteleza. Mnyororo uliishika springi lakini kofia yake ya juu iliruka ikatoboa bati la uzio, na jirani akatoa kichwa kuuliza kama tunapigana. Mjomba alikaa chini, akaomba maji, na siku ile hatukufanya kazi nyingine.

Ndani ya springi ile ndipo nilipoona ugonjwa ambao hauonekani gari likiwa limesimama: pingili ya mwisho, ile inayokaa ndani ya sahani yake, ilikuwa imevunjika, na kipande kimekaa palepale kikijifanya kizima. Gari likiwa halitembei na usukani ukizungushwa, springi ilikuwa ikikwama na kuachia kwa mlio, dung, na ukiwa umeishika kwa kiganja unausikia mruko wake. Mwenye gari alitaka tuchomelee. Mjomba alikataa; moto wa kuchomelea unaondoa ugumu ambao ndio unaoifanya springi iwe springi. Bwana yule akaenda kwingine, wakamchomelea vizuri sana, ikakatika upya njiani kupanda Amani na abiria ndani. Hakuna aliyeumia. Alirudi na springi mbili za gari lililopinduka, za pande zote mbili, kwa sababu mjomba alikuwa amemwambia asithubutu kuleta moja.

Kuna jambo moja la pale uani ambalo watoto wa mtaa walilipenda. Bushi za mikono ya mbele zikishawekwa, boliti zake zilikazwa kwa mkono tu, gari likashushwa juu ya shimo, kisha tuliitwa sote, vijana sita au saba, tuingie tukae ndani kama abiria. Mjomba alishuka shimoni akakaza kwa mwisho uzito ukiwa juu. Bushi ya namna ile haizunguki kwenye boliti yake. Bomba lake la ndani linabanwa lisiende popote, na raba ndiyo inayojinyonga mkono ukipanda na kushuka. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia hewani, siku gari likikaa chini raba imeshajinyonga hata kabla ya safari, na haikai muda itachanika. Bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa hivi. Si zote; feki zipo.

Kazi zikipungua, benchi lilikuwa la hadithi za dereva Bert Shankland. Alikuwa akiishi Dar es Salaam, na alilitwaa Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, enzi ambazo mashindano yale yalipita nchi zetu zote. Mjomba alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekaza nati za lile gari. Alipofika kwa Ove Andersson na ushindi wake wa 504 mwaka 1975 sauti ilishuka, kwa kuwa wakati huo mashindano yalishatuacha.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Spea hazikumiminika siku ya pili, lakini zilianza, na bajeti ya mwaka uliofuata iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maboksi yakaonekana madukani waziwazi. Ningetamani kusema kwamba mjomba alisikitika. Hakusikitika hata kidogo. Alikwenda mwenyewe Mombasa akarudi na boksi la raba za shokapu, akazipanga mezani na kuzigusagusa, na mikanda ya korona akampa mtu wa kushona kandambili. Kipato kilipanda. Ila wateja wakabadilika: alikuja mtu na maboksi yote mkononi, tairodi, bolijointi, bushi, akasema, "Fundi, badilisha zote, nimechoka na hii kelele." Mjomba alibadilisha, kwa sababu mwenye mali ndiye msemaji. Wakati mwingine kelele ilibaki, na mwenye gari alirudi akiwa mkali, ndipo maswali yakaanza upya: ukikata kona, au ukienda moja kwa moja?

Sasa naishi Dar es Salaam na nina Corolla iliyozeeka pamoja nami. Mwaka jana ilianza kugonga mbele kwenye barabara ya changarawe ya mtaani kwetu. Fundi kijana, mwenye heshima zake, "Shikamoo mzee," akaniandikia orodha: shokapu mbili na kofia zake za juu, na mikono ya chini miwili. Nikamuuliza kama amelipitisha kwenye tuta. Hakuwa amelipitisha. Tukaenda wote, tuta la magurudumu mawili, kimya, shimo la gurudumu moja, ko-ko. Nikamwomba azifungue linki zote mbili za stebilaiza, azitie ndani ya gari, tuzunguke polepole bila kukata kona kwa kasi. Kelele haikuwapo. Linki ya kushoto, ukiishika mkononi, kichwa chake kilianguka chenyewe upande hadi upande; ya kulia ilihitaji nguvu kuisogeza.

Tulinunua linki mbili Gerezani, akazifunga gari likiwa chini bila mimi kumwambia, na hilo lilinifurahisha. Kisha akakaa na kile kidaftari chake cha risiti, kalamu hewani, akauliza aandike nini, maana spea nimenunua mwenyewe na yeye amefungua nati nne tu. Nikamwambia aandike na muda wa kuzunguka. Akaandika elfu kumi na tano, akanitazama, akafuta, akaandika ishirini.